Njia za Ndege za Taifa na Mtu wa Kyuso

Wengi katika wasomaji wetu wa Kyuso, Tseikuru, Ngomeni na vijiji vya jirani huziona ndege zikipita juu sana angani, lakini ni wachache waliopata kuzipanda. Kwa sababu hiyo wapo wasemao kwamba habari za ndege ni habari za matajiri wa Nairobi, wala hazimhusu mkulima wa mtama, kunde na ndengu. Neno hilo si la kweli. Serikali ya Kenya ina sehemu kubwa katika shirika la ndege la taifa, na fedha za serikali ni fedha za kodi, na kodi hulipwa hata na mtu anunuaye sabuni na sukari katika duka la Kyuso. Tena vijana wengi wa Ukambani husafiri kwenda kufanya kazi au kusoma ng'ambo. Basi yafaa kila mtu ajue njia za ndege ni nini, huanzishwaje, hulipiwa na nani, na ajue namna ya kuzitumia bila kupotea.

1. Njia ni nini?

Wakamba walizijua njia za biashara zamani sana kabla ya reli na motokaa. Katika karne ya kumi na tisa misafara yao ilichukua pembe za ndovu kutoka bara mpaka Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na waya. Mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, Kivui wa Mwenda, alikuwa mmoja wa wakubwa wa misafara hiyo. Na mwaka 1849 mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika kwake Kitui, na huko ndiko alikouona Mlima Kenya. Msafara haukwenda ovyo. Ulifuata visima, ulipita katika nchi za watu waliokubali kuupokea, na ulikwenda pale tu palipokuwa na mali ya kuuza na mali ya kununua.

Njia ya ndege ni hivyo hivyo. Mbingu hazina barabara, lakini ndege haiwezi kwenda popote ipendapo. Sharti pawe na uwanja wa kutua na petroli yake, sharti pawe na ruhusa ya serikali ya nchi iendako, na sharti pawe na abiria na mizigo ya kutosha kulipa gharama. Likikosekana moja katika hayo matatu, njia hufa.

2. Njia zetu zilivyoanza

Mwaka 1929 bibi mmoja aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha Nairobi kampuni ya Wilson Airways, iliyochukua abiria na barua kwa ndege ndogo mpaka vita vya mwaka 1939 vilipoikomesha. Mwaka 1931 kampuni ya Kiingereza, Imperial Airways, ilianza kuleta barua kutoka London mpaka Mwanza, na safari hiyo ilichukua kadiri ya siku kumi, kwa kuwa ndege zilitua mara nyingi njiani. Baadaye zilitumika ndege zilizotua juu ya maji, na Kisumu ikawa mojawapo ya vituo vyake, kwa sababu Ziwa Victoria lilikuwa uwanja usiohitaji kusawazishwa.

Tarehe 1 Januari 1946 lilianza kazi shirika la East African Airways, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza kwa ndege ndogo za mabawa mawili mawili. Mwaka 1957 liliweza kwenda London kwa ndege zake lenyewe, mwaka 1960 likapata ndege za jeti aina ya Comet, na kuanzia mwaka 1966 likapata ndege kubwa zaidi za VC10.

Shirika hilo lilikufa mwanzoni mwa mwaka 1977. Halikufa kwa kukosa abiria peke yake. Wenye mali waligombana juu ya fedha na siasa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo. Kenya ikaanzisha Kenya Airways, iliyoanza kuruka tarehe 4 Februari 1977 kwa ndege za kukodi. Tanzania ikaanzisha Air Tanzania. Na Uganda ikawa na Uganda Airlines. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwezi huo wa Februari, usifunguliwe tena mpaka mwaka 1983.

Hapa pana jambo la kufikiri. Shirika la Ethiopia lilianza safari zake Aprili 1946, miezi michache tu baada ya letu la Afrika Mashariki. La Ethiopia liliendelea kukua bila kukatika, likafika kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya Afrika. La kwetu liligawanywa vipande vitatu, na kila kipande kikaanza upya. Mashirika mawili yalianza pamoja, na moja likabaki. Ugomvi wa wenye mali ulikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa na watu wote wa Afrika Mashariki.

3. Kitovu na spoki zake

Tazama gurudumu la baiskeli. Katikati pana kitovu, na kutoka hapo hutoka spoki kwenda ukingoni. Mashirika mengi ya ndege hupanga njia zake kwa mfano huo. Kitovu cha Kenya Airways ni Nairobi, katika uwanja uliofunguliwa Embakasi mwaka 1958 na kupewa baadaye jina la Jomo Kenyatta.

Kwa nini pawe na kitovu? Tufanye hesabu. Tuseme pana miji 10, na watu wa kila mji wataka kufika katika kila mji mwingine. Tukitaka kuunganisha kila mji na mwenzake moja kwa moja, tutahitaji njia 45. Lakini tukiufanya mmoja wa miji hiyo kuwa kitovu, njia 9 zatosha. Abiria atapanda mpaka kitovuni, ashuke, apande nyingine. Na ukiongezwa mji wa kumi na moja, njia moja tu mpya yaufungulia miji yote kumi ya kwanza.

Mtu wa Kyuso aijua hesabu hii bila ya kuandika. Atakaye kwenda Kitui, na atakaye Garissa, na atakaye Nairobi, wote hushuka kwanza Mwingi, kisha kila mmoja hushika gari lake. Hapana mwenye gari awezaye kuweka safari ya Kyuso mpaka Garissa kila siku kwa abiria wawili. Lakini abiria hao wawili wakichanganywa Mwingi na wa Migwani na wa kwingine, gari hujaa.

Ndiyo maana mtu wa Lusaka au wa Lilongwe aendaye London au Mumbai aweza kupitia Nairobi, na ndiyo maana ndege nyingi hufika Nairobi karibu wakati mmoja na kuondoka karibu wakati mmoja. Lakini kitovu kina adui zake. Mji mwingine waweza kuwa kitovu kwa abiria wale wale: Addis Ababa, Dubai na Doha zote huwaita. Abiria hana ukoo na kitovu; huenda panapo nauli nafuu, kungoja kufupi na ahadi zitimizwazo. Tena kitovu kikiugua, spoki zote huugua pamoja. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jumba la kupokelea wageni katika uwanja wa Nairobi, na safari za miji mingi zikavurugika.

4. Ruhusa ya kupita na kutua

Mwaka 1944 mataifa mengi yalikutana Chicago, huko Marekani, yakaandika mapatano yasemayo kwamba kila nchi ni mwenye anga lake. Tangu hapo ndege ya abiria haiingii katika nchi ya watu kwa ratiba bila mapatano. Ruhusa hizo zimepangwa kwa daraja, na tutazitaja tano za kwanza. Ya kwanza ni kupita juu bila kutua. Ya pili ni kutua kwa petroli au matengenezo tu, bila kuchukua abiria. Ya tatu ni kupeleka abiria kutoka nchi yako mpaka nchi ya mwenzako. Ya nne ni kuwachukua kutoka kwake mpaka kwako. Ya tano ni kuchukua abiria au mizigo katika nchi ya mwenzako na kuipeleka nchi nyingine ya tatu, ndege ikiwa katika safari itokayo au irudiyo kwenu.

Hiyo ya tano ndiyo iletayo ugomvi. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kwamba itaizuia Kenya Airways kwenda Dar es Salaam, kwa kuwa Kenya ilikuwa haijakubali ndege ya mizigo ya Air Tanzania ichukue mizigo Nairobi kwa ruhusa ya namna hiyo. Wakubwa wa nchi mbili wakazungumza, na shauri likaisha kabla ya siku ya kuanza kwa katazo. Mwaka 2020 katazo lingine, lililozuka katika shida za ugonjwa wa korona, lilidumu tangu mwanzo wa Agosti mpaka katikati ya Septemba.

Nchi za Afrika zilikubaliana Yamoussoukro mwaka 1999 kufunguliana anga, na mwaka 2018 zikaanzisha soko moja la usafiri wa anga la Afrika. Lakini kutia sahihi ni jambo moja, na kufungua mlango ni jambo la pili.

Pengine ruhusa haitegemei urafiki bali usalama. Ndege za Kenya hazikuweza kwenda Marekani mpaka wakaguzi wa nchi ile waliporidhika na usimamizi wetu wa usafiri wa anga, nao waliridhika Februari 2017. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ikaruka kutoka Nairobi mpaka New York bila kutua njiani, safari ya kadiri ya saa 15. Pima maendeleo hayo: mwaka 1931 siku kumi zilifikisha barua Mwanza, mwaka 2018 mtu alikula chakula cha jioni Nairobi, na asubuhi ya kule akawa Marekani.

5. Nani alipa, na nani apata?

Njia ya ndege ni kama matatu ya viti 14. Dereva, mafuta na bima hulipwa vile vile, viti vikijaa au visijae. Ndege ya Boeing 787 ya Kenya Airways ina viti 234, na ile ndogo ya Embraer 190 ina viti 96. Kuipeleka kubwa pale penye abiria 80 ni kuchoma fedha. Kuipeleka ndogo pale penye abiria 200 ni kuwaachia wengine faida.

Mwaka 1996 serikali iliuza sehemu kubwa ya hisa za shirika, na kampuni ya Kiholanzi ya KLM ikawa na asilimia 26. Kwa miaka mingi shirika lilipata faida na sifa. Kisha, katika miaka ya 2011 na 2012, likafanya mpango uliopewa jina la Mawingu, wa kuongeza ndege na miji mingi sana katika miaka kumi. Ndege zikaagizwa kwa mkopo. Lakini watalii walipungua kwa hofu ya mashambulio. Agosti 2014 safari za Freetown na Monrovia zikasimamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa Ebola. Na deni halingoji. Katika mwaka wa hesabu wa 2015 na 2016 hasara ilifika shilingi bilioni 26.2. Mwaka 2017 madeni yalipangwa upya: serikali ikawa na asilimia 48.9 ya hisa, mabenki ya Kenya yaliyokuwa yakidai yakapata asilimia 38.1, na sehemu ya KLM ikashuka mpaka asilimia 7.8. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukaziweka ndege chini. Hasara ya mwaka 2022 ilipita shilingi bilioni 38. Mwaka 2024 shirika lilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza kwa muda wa zaidi ya miaka kumi.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mwananchi akisikia kwamba njia mpya imefunguliwa, asishangilie tu kwa kuwa bendera yetu imechorwa kwenye ndege. Na aulize maneno matatu.

La kwanza: je, njia hii yajilipia yenyewe? La pili: kama haijilipii, je, yaleta abiria wa kujaza njia nyingine? Njia fupi ya kwenda mji jirani yaweza kuonyesha hasara kidogo, kumbe nusu ya abiria wake waendelea London na kulipa huko. Hoja hii ni ya kweli, lakini ni hatari, maana mtu aweza kuitumia kuitetea kila njia ya hasara. Dawa yake ni daftari: na ihesabiwe ni abiria wangapi wapitao, nao walipa nini. La tatu: kama njia haifanyi lolote katika hayo mawili, je, ina manufaa gani kwa taifa, na je, manufaa hayo yazidi yale ambayo fedha hizo zingeleta zikichimba mabwawa Mwingi Kaskazini au zikinunua dawa za zahanati?

Swali hilo la tatu si la dhihaka. Chini ya miguu ya abiria, tumboni mwa ndege, mna mizigo. Mkulima wa Kibwezi alimaye bamia na karela kwa maji ya umwagiliaji hawezi kungoja meli. Mboga yake hufa kwa siku chache, na ndege ya usiku ndiyo sokoni kwake. Ua la Naivasha ni hivyo hivyo. Lakini ndengu za Kyuso hazihitaji ndege, wala asali ya Mwingi. Ndengu kavu na asali safi zaweza kungoja meli Mombasa bila kuharibika. Faida yake kubwa ni barabara njema ya kwenda Mwingi, ghala lisiloingia unyevu, na mizani isiyodanganya. Embe la Makueni lina shauri lake: mwaka 2014 Kenya iliacha kupeleka maembe Ulaya kwa ajili ya nzi wa matunda, na hata njia za ndege zilipokuwa wazi, embe halikupanda. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2021, baada ya kazi ya kupambana na nzi huyo mashambani. Kwa hiyo njia ya ndege peke yake haimtajirishi mkulima. Huanza shambani.

6. Namna ya kusoma tiketi

Sasa tugeukie msafiri. Familia nyingi huuza ng'ombe au huchangishana ili kumpeleka kijana kazini Uarabuni au shuleni ng'ambo. Kosa dogo la kusoma tiketi laweza kuwapotezea fedha zote. Shikeni haya.

Kwanza, saa za tiketi huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, kutoka 00 mpaka 23. Ili kuzigeuza ziwe saa zetu: kuanzia 00 mpaka 06, ongeza 6, kuanzia 07 mpaka 18, toa 6, kuanzia 19 mpaka 23, toa 18. Hivyo 05:00 ni saa 11 alfajiri, 13:00 ni saa 7 mchana, na 22:00 ni saa 4 usiku.

Pili, jihadhari na tarehe. Tiketi ikisema 00:20 tarehe 12, hiyo ni saa 6 na dakika 20 za usiku wa kuamkia tarehe 12. Msafiri huyo yampasa awe uwanjani jioni ya tarehe 11. Akitoka Kyuso asubuhi ya tarehe 12, ndege imekwisha kwenda tangu usiku.

Tatu, saa zilizoandikwa ni saa za mji wenyewe. Dubai imetutangulia kwa saa moja. London iko nyuma yetu kwa saa mbili au tatu, na New York kwa saa saba au nane, kwa kadiri ya majira.

Nne, kama safari ina ndege mbili, uliza kama zote zimo katika tiketi moja. Zikiwa katika tiketi moja, na ya kwanza ikachelewa, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine, na kwa kawaida mzigo wako huandikwa mpaka mwisho wa safari. Zikiwa tiketi mbili mbalimbali zilizonunuliwa kwa bei rahisi, hasara ya kuchelewa ni yako mwenyewe.

Tano, jina la tiketi lifanane na jina la pasipoti. Aitwaye Mwende nyumbani na kuandikwa jina jingine katika pasipoti, asafiri kwa lile la pasipoti. Na kabla ya kulipa, aulize viza ya nchi aendako, na ya nchi atakapobadilisha ndege kama yahitajiwa, na cheti cha chanjo. Kuuliza si ujinga.

7. Maswali ya kujipima

Wasomaji wafanyao vikundi vya masomo ya watu wazima, na walimu, waweza kuyazungumza maswali haya:

(a) Miji 6 ikiunganishwa kila mmoja na mwenzake, njia ni ngapi? Ukiufanya mmoja wao kitovu, njia ni ngapi? (Majibu: 15, na 5.)

(b) Ruhusa ya tatu, ya nne na ya tano zatofautianaje?

(c) Tiketi yasema 23:45 tarehe 30. Hiyo ni saa ngapi kwa hesabu yetu, nawe utaondoka Kyuso lini?

(d) Taja kitu kimoja cha shamba lako kihitajicho haraka ya ndege, na kimoja kiwezacho kungoja meli. Kipi kati ya hivyo kingekuletea faida zaidi baada ya kutoa gharama?

(e) Kama ungekuwa mmoja wa wenye kuamua, ungefungua njia mpya ya ndege kwa fedha za kodi katika mwaka wa ukame? Toa sababu zako, na umsikilize mwenzako asiyekubaliana nawe.

Swali hili la mwisho halina jibu moja. Lakini ni bora liulizwe na kuzungumzwa barazani Kyuso, na watu walipao kodi, kuliko kuachiwa Nairobi peke yake.